Unga wa kuoteshea mizizi: nilivyoujaribu kwenye pingili za zabibu

Kikopo cha gramu 25 nilikinunua kwa shilingi 9,000 katika duka moja la pembejeo hapa Dodoma mjini, ambako muuzaji alinihakikishia kuwa hiyo ni "mbolea ya mizizi". Si mbolea. Ndani yake mna talki iliyochanganywa na homoni ya kundi la oksini, asidi ya indoli-butiriki, kwa kiwango cha asilimia 0.3, na anayeitia shambani kama anavyotia samadi atakuwa ametupa fedha zake. Mbolea huupa mmea madini ya kujengea mwili, ilhali homoni huziamuru seli zifanye kazi gani.

Pingili haina mizizi, lakini chini ya gome, jirani na tabaka jembamba liitwalo kambiamu, zimo seli ambazo bado zina uwezo wa kugawanyika. Oksini inapozifikia, baadhi yake huacha kazi ya awali, hugawanyika tena na tena, na kufanya kijikundi ambacho baadaye huwa ncha ya mzizi. Hata hivyo, kinachourefusha mzizi hasa ni kutanuka kwa seli zilizokwisha kugawanyika: utando wa seli husukuma ioni za haidrojeni nje, ukuta wa seli hupata uasidi na kulegea, kisha maji yanayojaa kwenye vakuoli, yaani kifuko cha maji kilichomo ndani ya seli, huusukuma ukuta huo mpaka seli ikarefuka mara kadhaa. Ndiyo maana kitalu kikiachwa kikauke kwa upepo wetu huu wa Dodoma, unga wote ni kazi bure, kwa kuwa seli imekwisha kuamriwa itanuke na haina maji ya kuitanua.

Nilikata pingili 40 za zabibu nyekundu aina ya Makutupora, kila moja ikiwa na macho 3. Nusu yake nilizichovya unga kwenye ncha ya chini, nikazigongagonga ili uliozidi udondoke, nikazipanda zote kwenye viriba. Nilipovichana viriba baada ya wiki 6, pingili 17 kati ya zilizochovywa zilikuwa zimetoa mizizi, na 14 kati ya zisizochovywa. Tofauti hiyo ni ndogo, wala haikunishangaza, kwani zabibu huota kwa urahisi hata bila kusaidiwa. Kilichonipendeza ni mizizi yenyewe: ya pingili zilizochovywa ilizunguka kidonda chote mithili ya nywele za brashi, na ya zile nyingine ilikuwa miwili mitatu, tena upande mmoja tu.

Lawama yangu ni kwa maelezo ya kikopo. Yameandikwa kwa herufi ndogo mno, hayasemi kiasi cha kutumia, na tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefutika. Muuzaji alinishauri niweke mwingi ili ziote haraka. Nikamsikiliza kwa pingili 6 za ziada, nikazipaka mpaka zikawa nyeupe kama chapati mbichi. Zote zilivimba kwenye mkato, zikafanya nundu laini bila mzizi hata mmoja, na macho yake yakachelewa kuchipua, kwa sababu oksini ikizidi huzuia kile kile ilichotakiwa kukianzisha.

Kwa mwenye zabibu peke yake, sioni sababu ya kutoa shilingi 9,000. Kikopo changu bado kina zaidi ya nusu, nacho nimekihifadhi mahali penye ubaridi na giza, nikisubiri matawi ya mkomamanga yakomae.