DKMS inasingiziwa mengi, ila kwa hili moja siitetei

Ukitaka kumsikia mtumiaji wa Linux akiitukana programu asiyoijua, subiri siku amesasisha mfumo, akawasha upya kompyuta, na badala ya eneokazi lake akakutana na skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa. Akiuliza ataambiwa, "Hiyo ni DKMS." DKMS, kifupi cha Dynamic Kernel Module Support, ni programu inayojenga upya draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) kila kerneli, yaani moyo wa Linux, inapobadilika. Basi inabeba lawama, nyingi kati yake isizostahili.

Mimi nimeishi nayo miaka mingi kwenye mashine ninayohariria video na kufanyia kazi za picha za 3D kwa Blender. Kadi yake ya grafiki ni ya zamani, na draiva yake inatoka kwa kampuni iliyoitengeneza, nisiyoitaja, msimbo ukiwa umefungwa, yaani hauonyeshwi kwa umma. Draiva isipopanda, siku hiyo hakuna kazi. Kwa hiyo nairebyu kama mtu anayeitegemea kwa riziki.

Tatizo ambalo DKMS ililetwa kulitatua ni hili. Toleo jipya la kerneli ya Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Draiva iliyomo ndani ya kerneli yenyewe haina hofu, kama amdgpu ya kadi za AMD iliyoingizwa toleo 4.2 mwaka 2015: anayebadilisha kitu ndani ya kerneli analazimika kurekebisha draiva zote za humo zinazokitumia, na vyote vinatoka pamoja. Iliyo nje haina mtu wa kuifanyia hivyo. Wenye kerneli wanaahidi kutozivunja programu za kawaida za mtumiaji, lakini kwa mambo ya ndani hawaahidi chochote. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, aliyaandika hayo bila kumung'unya maneno katika waraka unaosambazwa pamoja na msimbo wa kerneli: kiolesura thabiti cha ndani, yaani njia isiyobadilika ya draiva kuzungumza na kerneli, hakipo, na anayekitaka hajui anachokitaka. Funksheni iliyopo leo, kesho imebadilishwa jina, imeongezewa kigezo au imeondolewa kabisa. Toleo 5.6 la Machi 2020, kwa mfano, lilibadilisha muundo ambao moduli (vipande vinavyopachikwa kwenye kerneli, draiva zikiwemo) huutumia kuweka faili zake chini ya /proc, folda ya taarifa za kerneli, na moduli za nje zilizotumia muundo wa zamani zikagoma kujengwa.

Na hata pasipobadilika kitu, moduli iliyojengwa kwa ajili ya kerneli moja kwa kawaida haipokelewi na nyingine. Ijengwe upya, hakuna njia. Hapo ndipo inapoingia DKMS, iliyoanzishwa na wahandisi wa Linux wa Dell mwaka 2003. Ni fundi cherehani aliyeachiwa kitambaa: msimbo wa moduli unakaa /usr/src, na kila kerneli mpya inapoingia, yeye anashona upya kwa vipimo vyake. Hata draiva iliyofungwa huja na tabaka jembamba la msimbo ulio wazi, la kuunganisha kiini chake na kerneli, na tabaka hilo ndilo linaloshonwa. Kazi hiyohiyo DKMS huwafanyia watumiaji wa ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili), wa VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta), wa vidude vya waifai vya USB, na hata wa moduli za NVIDIA ambazo msimbo wake ulifunguliwa Mei 2022. Kufunguliwa msimbo si kuingizwa ndani ya kerneli, na watu huyachanganya sana haya mawili.

Mambo yakienda sawa huoni kitu. Unasasisha, feni inapiga kelele kidogo wakati prosesa zote zinakompaili, yaani zinageuza msimbo kuwa moduli, unawasha upya, unaendelea na shughuli zako. Ukitaka uhakika unaandika dkms status, na jibu ni mstari mmoja usio na porojo: jina la moduli, toleo, kerneli, aina ya prosesa, kisha neno "installed". Ukiona "added", ujue msimbo unajulikana lakini hakuna kilichojengwa. Ukiona "built", kimejengwa lakini hakijawekwa mahali pake. Ukiondoa kerneli ya zamani, moduli zake zinafutwa nayo. Sijawahi kuikuta imeacha takataka, na kwa programu ya umri huu hiyo si sifa ndogo.

Sasa kosa lake. Ili kujenga moduli, DKMS inahitaji heda za kerneli husika, faili zinazoeleza mambo yake ya ndani, na heda huja katika pakiti tofauti na kerneli yenyewe. Nilihitaji kerneli mpya kwa ajili ya kidude cha waifai, nikaichukua kwenye hazina ya ziada ya pakiti ya distro (aina ya Linux) niliyokuwa nayo wakati ule. Kerneli ikaja, heda zake hazikuja. Unategemea nini? Mimi nilitegemea ipige kelele, ikatae, iweke walau herufi nyekundu. DKMS ilichapa mstari mmoja katikati ya mamia ya mistari, kwamba ujenzi umerukwa kwa kuwa heda hazionekani, ikarudisha jibu kwamba mambo ni shwari. Msasisho ukaisha vizuri kabisa. Nilipowasha upya, skrini ikanipa kile kistari.

Nimewasikia wanaoitetea: huenda kerneli hiyo umeiweka kwa majaribio tu, huenda hutaki moduli kwenye kila kerneli. Sawa, lakini anayewasha kerneli mpya kwenye kompyuta isiyo na draiva nyingine ya skrini hawezi kuwekwa fungu moja na anayejaribu. Ujenzi unaposhindwa kwa sababu ya kosa la msimbo, matoleo ya siku hizi ya DKMS yanasimamisha usakinishaji na kulalamika kwa sauti. Kwa nini heda zikikosekana inyamaze? Matokeo kwa mwenye kompyuta ni yaleyale.

Dawa ya skrini nyeusi yenyewe ni rahisi, ndiyo maana hasira yangu haikukaa. Kwenye GRUB, menyu ya wakati kompyuta inapowaka, unachagua kerneli ya zamani, ambayo moduli yake bado ipo. Ukishaingia unaweka heda zilizokosekana, unaendesha dkms autoinstall ukiitajia kerneli mpya kwa alama ya -k, basi.

Kwangu haikuwa basi. Heda zilipofika ujenzi ulianza, ukafa. Hapa ndipo DKMS inapostahili pongezi, kwa sababu inakuachia ushahidi: faili la make.log chini ya /var/lib/dkms, lenye kila neno alilosema kompaila. Usilisome kuanzia juu, utachoka bure. Tafuta neno "error" la kwanza. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. La kwangu lilisema "assignment of read-only member", likitaja vm_flags. Yaani draiva ilikuwa inaandika moja kwa moja kwenye sehemu ya muundo wa kumbukumbu ambayo kuanzia kerneli 6.3 inasomwa tu. Anayetaka kuibadilisha apitie funksheni maalumu kama vm_flags_set. Kwa mwenye msimbo ni marekebisho ya mistari michache. Lakini kampuni ilishaacha kuihudumia kadi ya umri huo, na hapo fundi hana la kufanya, kitambaa hakitoshi.

Ndiyo maana nasema inasingiziwa. DKMS haitafsiri msimbo wa zamani kwenda wa kisasa. Inakompaili ilichopewa. Wapo watu wema wanaotengeneza viraka (marekebisho madogo ya msimbo) vya draiva zilizoachwa, na DKMS ina nafasi ya viraka ndani ya dkms.conf, kwa kigezo cha PATCH. Nimevijaribu, vinafanya kazi, mpaka kerneli inayofuata ibadilishe kitu kingine nawe uanze tena kusubiri mtu mwema.

Secure Boot, ulinzi unaokataa msimbo usiosainiwa kompyuta inapowaka, niiseme kwa kifupi, maana inawapoteza wengi. Ikiwa imewashwa, moduli iliyojengwa nyumbani lazima isainiwe kwa ufunguo ambao mashine inautambua. DKMS inasaini yenyewe, ila ufunguo lazima uuandikishe wewe, kwenye skrini ya buluu inayotokea mara unapowasha upya, na skrini hiyo haikai: usipobonyeza kitu ndani ya sekunde chache inapita. Ikikupita, moduli itaonekana "installed" bila wasiwasi, huku kerneli ikiikataa kwa maneno "Key was rejected by service". Ukiyaona maneno hayo usijenge upya chochote, rudia kuandikisha ufunguo kwa amri ya mokutil.

Jambo jingine ambalo si lake lakini linamwangukia: draiva ya grafiki ina nusu mbili, moduli ya kerneli na maktaba za upande wa mtumiaji. DKMS inashughulikia ya kwanza tu. Ukisasisha draiva bila kuwasha upya, maktaba ni mpya huku moduli iliyomo kwenye kumbukumbu ni ya zamani, na programu za 3D zinakataa kufunguka. Washa upya kabla hujamtafuta mchawi.

Kwa hiyo nani aitumie? Mwenye draiva ambayo bado inahudumiwa na aliyeitoa, hana sababu ya kuikwepa, mradi aweke pakiti mama ya heda (inayovuta toleo jipya kila linapotoka) inayofuatana na pakiti mama ya kerneli, zote kutoka hazina moja. Mwenye kadi iliyoachwa, kama yangu, anachohitaji ni kerneli isiyohama, DKMS au bila DKMS. Mimi nimehamia Debian 12, ambayo kerneli yake ni 6.1, chini ya ile 6.3 iliyoniletea balaa, na huduma yake ya muda mrefu inafika Juni 2028. Kidude cha waifai nimekiondoa, natumia waya. Draiva inajengwa kila sasisho la usalama linapokuja, bila kelele. Kadi itakayofuata nimeshaichagulia sharti moja: draiva yake iwe imo ndani ya kerneli.