Shokapu za sumaku za Audi TT: nilichelewa kubadilisha

TT yangu ya 2008 ina shokapu za sumaku: ndani kuna mafuta yenye chembechembe za chuma, umeme ukipita yanakuwa mazito papo hapo. Bonyeza kitufe cha spoti, gari linakaza mgongo. Raha tupu, hadi zichoke.

Zangu zilichoka kwenye kilomita 110,000 hivi. Taa ya dashibodi haikuwaka, na hapo ndipo nilipodanganyika. Taa ile inafuatilia mambo ya umeme, mafuta yakivuja haina habari. Dalili zilikuwa kwingine: nikishika breki pua inazama, nikivuka tuta gari linanesa mara mbili tatu, na tairi za nyuma zikalika mabonde mabonde, ukipitisha kiganja unayahisi. Fundi wa kwanza akaniuzia tairi mpya. Laki nane zikaenda hivyo.

Gereji ninayoisifu ni ya uani, huku Kinondoni. Fundi alipandisha gari, akapangusa shokapu ya nyuma kwa kitambaa: kikatoka cheusi tii. "Bosi, hii imekwisha zamani." Akashauri nibadilishe zote mbili za nyuma kwa pamoja, na raba zake za juu. Za kawaida ni nafuu mno, ila ukizifunga hivi hivi taa inawaka na kitufe kinabaki pambo. Nikaagiza za sumaku, mpya. Za mtumba sikuthubutu. Bei inauma. Siku tatu nilizoahidiwa zikawa tisa, kwa hiyo gereji naipa nyota nne, si tano.