Kadi ya Njano: bima ya kuvukia Namanga, nilivyoikata Arusha

Ninafanya biashara ya vipuri kati ya Arusha na Nairobi, na kwa mara ya tatu sasa nimekata Kadi ya Njano, ile bima ya magari yanayovuka mipaka chini ya mpango wa COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), kwa wakala mmoja wa katikati ya jiji. Wengi wetu huichukua kama stika tu, tukaitia kwenye dashibodi bila kuisoma.

Upatikanaji wake hauna usumbufu. Ukiwa na bima hai ya hapa nchini, wakala huchukua kadi ya gari, namba ya bima, tarehe za safari na nchi utakazopita. Mimi nilimaliza ndani ya saa moja. Faida yake huonekana ajali inapotokea. Ukimgonga mtu Kajiado, ofisi inayosimamia mpango huo Kenya hushughulikia madai kwa sheria za Kenya, kisha hudai fedha zake kwa upande wa Tanzania uliotoa kadi, kwa hiyo majeruhi hana haja ya kukufuata Arusha. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango huu, ulioanzia kwenye itifaki ya mwaka 1986, bado imo.)

Kilichonikera kilitokea karibu na Athi River, ambako taa na boneti ya gari langu viliharibika. Kwa kuwa nina bima kubwa, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe, na kwa kuwa kampuni yangu ina ofisi Nairobi yenye jina na rangi zilezile, nilikwenda pale nikiwa na uhakika. Nilijibiwa kwa upole kwamba wao ni kampuni nyingine. Kadi, kumbe, humfidia mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga au kumharibia mali, pamoja na gharama za dharura za matibabu ya dereva na abiria. Gari lako mwenyewe halimo, isipokuwa kampuni iliyokukatia bima kubwa ikubali kwa maandishi kuipanua hadi Kenya. Wakala hakunitajia hilo hata mara moja, na matengenezo nililipa mwenyewe.

Jibu la Nairobi lilinikera, ila lina msingi wake. Mkataba wa Jumla wa Biashara ya Huduma wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, hutenganisha kuuza huduma kutoka ng'ambo ya mpaka na kufungua ofisi ndani ya nchi. Tanzania, iliyovunja ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa kwa sheria ya mwaka 1996, huwapokea wageni zaidi kwa njia ya pili: kampuni husajiliwa hapa, theluthi moja ya umiliki angalau ikawa ya Watanzania, nayo husimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania. Ndugu wawili wa kampuni wanaweza kufanana kwa kila kitu, lakini ahadi ya mmoja haimfungi mwingine, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayolenga kurahisisha biashara ya huduma kati ya nchi wanachama, inayotumika tangu Julai 2010 na yenye makao ya jumuiya yake papa hapa Arusha, haijalibadili hilo kwa mwenye gari kama mimi.

Kadi naipa alama nane kati ya kumi, wakala, nne. Safari hii nilidai barua ya kupanua bima kubwa kabla ya kulipa chochote. Imechukua siku tano, na imetaja Kenya pekee, hivyo safari ya Kampala nimeiahirisha.