Shreda niliyouziwa Kariakoo, na mshahara wa mtu uliosomwa kaunta

Wati na ukubwa wa pipa la shreda hii, mashine ya kukatakata karatasi, sivielezi, viko kwenye boksi. Mimi nina hasira na jambo moja.

Ofisi yetu ni ndogo, tunawafanyia watu hesabu na mishahara. Karatasi ukizitupa hapa Dar zinaokotwa, halafu unanunua karanga kituoni unakuta zimefungiwa kwenye kivuli cha kitambulisho cha NIDA, mwenyewe anakutazama. Na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ndiyo nikaenda Kariakoo kutafuta shreda.

Mwanzoni niliisifia kwa kila mtu. Siku moja ikatoa harufu ya kuungua, taa nyekundu, kimya. Shreda ndogo huhitaji kupumzika, hilo nalijua, nikaiacha mpaka kesho yake. Kuiwasha, inanguruma tu, visu havizunguki, karatasi imekwama nusu ndani nusu nje.

Nikaibeba na risiti yangu ya EFD hadi dukani. Kijana wa kaunta hata salamu hakuitikia. "Mama, mmeilisha pini hii." Nikamwambia afungue aangalie. Badala yake akavuta pipa, akachomoa utepe mmoja, akausoma kwa sauti mbele ya wateja: jina kamili la mtu, na mshahara wake. "Mbona inakata vizuri tu?" Watu wakacheka. Nilitetemeka mwili mzima. Ule ni mshahara wa mtu!

Lakini ndipo nilipoona ubovu wenyewe. Mashine hii inatoa nyuzi ndefu kama tambi, na slipu zetu fupi zinaingia kwa upande, kwa hiyo mstari wa maandishi unatoka mzima, jina na tarakimu zake. Ubalozi wa Marekani ulipotekwa Tehran mwaka 1979, Wairani waliziunga upya nyaraka zilizokatwa namna hii hii, utepe kwa utepe. Leo tunauziwa mkato uleule na kuambiwa ni usalama.

Nilitaka kuandika kwamba kwa nyumbani inafaa, bei yake si mbaya. Pengine kwa madaftari ya watoto... hapana, hata nyumbani usiipeleke. Kwani kadi za kliniki na taarifa za benki zinakaa wapi? Tafuta inayokata kwa urefu na kwa upana, yenye alama ya P-4, yaani kiwango cha usalama wa mkato, ikatoa vipande vidogo vidogo. Kabla hujatoa hela, muuzaji apitishe karatasi yenye maandishi, kwa urefu kisha kwa upande, nawe ushike vipande ujaribu kusoma. Akikataa, toka.

Hela yangu hawajarudisha, eti dhamana haihusu pini. Fundi wa mtaani kwetu ameifungua: pini hakuna hata moja, ni gia ya plastiki iliyolika meno. Nairudisha Jumatatu, na hiyo gia nimeifunga kwenye kitambaa, nitamwekea juu ya kaunta wateja wakiwepo.