Kupimwa mipindo ya mishipa ya moyo: uzoefu wangu

Nilipigwa CT ya moyo (picha za mionzi zinazounganishwa na kompyuta) kwa sababu kifua kilikuwa kinanibana kila nikipanda ngazi. Ripoti ikasema mishipa haijaziba kwa kiasi cha kutisha, ila mmoja "umejipinda sana". Sana kiasi gani? Hapakuwa na namba. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa ni maumbile tu, basi. Niliondoka pale na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Nikabeba diski ya picha zangu hadi kwa daktari mwingine wa moyo, anayepima mipindo kwa programu ya kompyuta. Sikupigwa mionzi upya, wala sikuchomwa tena ile dawa ya ayodini ya kuonyesha mishipa, inayokufanya uhisi joto likishuka mwilini hadi kiunoni. Picha zilezile zilitosha.

Aliniketisha kando yake. Kwenye skrini, programu ikachora mstari katikati ya mshipa wa mbele wa kushoto, ikifuata kila kona. Mahali fulani ikapotea njia, ikaingia tawi la pembeni. Daktari akaurudisha mstari kwa mkono. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashine peke yake haitoshi. Urefu wa mstari ulikuwa sentimita 13. Kisha akaunganisha mwanzo na mwisho kwa mstari ulionyooka: sentimita 10. Gawanya 13 kwa 10, unapata 1.3. Mshipa ulionyooka kabisa ungepata 1.

Akahesabu na kona. Kipimo kinachotumika sana ni kona 3 au zaidi, kila moja ya nyuzi 45 kwenda juu. Wangu una 4. Na hakuzihesabu kwenye picha moja tu. Moyo ukijikaza, mshipa hujikunja zaidi. Ukilegea na kujaa damu, hunyooka kidogo. Picha zangu zilichukuliwa katika pigo zima, kwa hiyo alihesabu kona zile tu zilizobaki hata moyo ulipolegea. Kwangu mimi hilo ndilo lililoipa namba ile uzito.

Ukienda kupigwa picha, zingatia maandalizi. Mimi nilipewa vidonge vya kushusha mapigo, yakafika 58 kwa dakika, na nikabana pumzi kila nilipoambiwa. Picha ikitikisika, hakuna mstari wa kufuatwa.

Daktari alinieleza wazi kwamba 1.3 haimaanishi mshipa umeziba. Kuziba hupimwa kivyake. Mipindo ya namna hii huonekana zaidi kwa wanawake, kwa wenye umri mkubwa na kwa wenye presha ya muda mrefu. Presha ninayo, na dawa zangu zilibadilishwa siku ileile.

Ripoti mpya ina namba zote pamoja na picha ya mshipa yenye kona zilizotiwa alama. Naitunza kwenye faili langu, ili siku nikihitaji kuwekewa stenti (kibomba cha wavu kinachoupanua mshipa uliobana), atakayepitisha waya wa kuifikisha ajue kona ziko wapi kabla hajaanza.