Katherine ya Anya Seton: mapenzi yenye kikwazo cha kweli

Riwaya nyingi za mapenzi za siku hizi zinanichosha kwa jambo moja: tatizo lenyewe ni dogo mno. Bwana kaonekana hotelini na msichana, mchumba kanuna, halafu kurasa mia mbili mbele kumbe yule alikuwa dada yake. Simu moja tu ingemaliza kisa kizima. Ndiyo maana nimehamia kwenye riwaya za mapenzi za Zama za Kati. Kati ya nilizosoma, Katherine ya Anya Seton, mwandishi wa Marekani aliyeitoa mwaka 1954, ndiyo ninayomtajia kwanza mtu akiniomba cha kusoma. Humo kikwazo ni kikwazo kweli. Kuna Kanisa, kuna mashamba ya urithi, kuna kiti cha ufalme cha nchi nyingine, na hakuna hata kimoja kinachojali moyo wa mtu.

Wahusika wakuu waliishi kweli. Katherine ni binti asiye na mali aliyelelewa na watawa. Mwaka 1366 anakwenda Windsor, kwa mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza, ambako dada yake anamtumikia malkia. Uzuri anao, lakini katika jamii hiyo mwanamke ndiye anayetakiwa kwenda na mali kwa mumewe, na yeye hana kitu. Kwa hiyo Hugh Swynford, askari wa farasi mkavu wa maneno na mwenye mashamba kidogo Lincolnshire, anapomtaka, hakuna anayemuuliza binti anaonaje. Anaozwa. Baadaye moyo wake unamwangukia John wa Gaunt, mwana wa mfalme na bwana wa Lancaster, mwanamume mwenye mke. Na cha kuudhi zaidi, mke huyo, Blanche, ni mtu mwema hata huwezi kumchukia.

Sijui kama namharibia mtu uhondo, maana haya yote yamo kwenye historia. Mimi nilijua mwisho kabla sijaanza, na bado nilisoma hadi alfajiri. Blanche anakufa, Seton anaiweka tauni mlangoni mwake, na kurasa hizo zinanuka. Mwaka 1371 Hugh naye anafia Ufaransa, kwenye himaya ya Waingereza ya Aquitaine. Msomaji anashusha pumzi: haya, sasa waoane. Mwaka huohuo John anamuoa Constance, binti wa mfalme wa Castile, katika Hispania ya leo, ili adai ufalme wa huko. Niliifunga simu niliyokuwa nikisomea, nikatukana.

Msomaji wa pwani hapo atauliza, si amuoe tu Katherine awe mke wa pili? Kanisa lao halina mlango huo. Anabaki kimada, huku cheo chake rasmi ni mlezi wa mabinti wa bwana, na watoto wanne wanazaliwa nje ya ndoa wakipewa jina la Beaufort. Constance anafariki 1394. Ndoa inafungwa Lincoln mwanzoni mwa 1396, wote wawili wakiwa watu wazima, na Papa na Bunge wanawahalalisha wale watoto. Hebu nioneshe riwaya ya kisasa inayothubutu kuwasubirisha wapenzi muda wote huo.

Sehemu iliyonikamata kuliko zote ni ya Juni 1381. Wakulima wa Uingereza wamechoshwa na kodi ya kichwa. Naam, kodi ya kichwa, ile ile tuliyosoma shuleni kwenye historia ya ukoloni, ila hapa Waingereza wanatozana wenyewe. Wanaingia London na kuliendea kasri la Savoy, makazi ya John kando ya mto Thames, kwa kuwa yeye ndiye wanayemchukia kuliko wote. John hayupo, yuko kaskazini mpakani mwa Scotland. Katherine yumo ndani na binti yake. Seton hawageuzi waasi kuwa wanyama. Unaona njaa yao, unaona hasira yao ina haki, na wakati huohuo unataka mama na mtoto watoke salama. Nilijikuta niko pande zote mbili. Sura zinazofuata, za hija ya kwenda mahali patakatifu pa Walsingham na mazungumzo na Julian wa Norwich, mwanamke mcha Mungu aliyejitenga na dunia, zinakwenda polepole na najua wapo wanaoziruka. Msiziruke, kwa sababu humo ndimo Katherine anapoacha kuwa mrembo wa mtu na kuanza kuwa mtu.

Jambo jingine halimo hasa kwenye hadithi, nililikuta nilipoanza kufuatilia nasaba. Mmoja wa mabinti aliowalea Katherine, Philippa, aliolewa na mfalme João wa Kwanza wa Ureno mwaka 1387. Mwana wao ni Henrique, yule aliyefadhili safari za merikebu za Wareno kushuka pwani ya Afrika Magharibi. Njia hiyo waliiendeleza wengine baada yake, hadi Vasco da Gama akatia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Tangu nijue hilo, zile sura za watoto wakicheza miguuni pa mlezi wao nazisoma kwa jicho jingine.

Malalamiko ninayo. John ni mzuri kupita kiasi. Kila akiingia chumbani tunaelezwa tena alivyo. Hugh kapakwa masizi mno, na kisa cha kuuawa kwake kwa sumu ni cha kubuni, hakina ushahidi wowote. Majina nayo yanachosha: kuna Philippa malkia, Philippa dada, Philippa mtoto. Mimi niliishia kuchora ukoo kwenye daftari, na ninakushauri ufanye hivyo mapema. Mavazi yanaelezwa kana kwamba mwandishi analipwa kwa mita ya kitambaa.

Lipo na la historia yenyewe ambalo sijamsamehe John: alitaka azikwe London ubavuni kwa Blanche. Katherine, aliyefariki 1403, amelala mbali naye, pamoja na binti yake Joan, katika kanisa kuu la Lincoln.

Nimeisoma kwa Kiingereza kwenye simu. Lugha si ngumu sana, ila maneno ya kale ya mavazi, silaha na vyeo ni mengi, kwa hiyo kamusi iwe karibu. Kitabu ni kinene. Mwenye haraka akiache hadi likizo. Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama Hugh angepewa hata sura moja ya kujitetea.