Brashi ya kuzibulia mirija ya dirisha la paa: uzoefu wangu na gari lililovuja

Maji yalipoanza kudondoka kutoka kwenye taa ya ndani ya gari langu na kulowesha zulia la upande wa abiria, gereji ya kwanza niliyoiendea ilinipa jibu la haraka: mpira wa dirisha la paa umechakaa, hivyo kioo kizungushiwe gundi ya silikoni. Sikukubali, kwa sababu mpira wenyewe ulikuwa bado laini, haukuwa na ufa, na silikoni ingeligandisha dirisha lisifunguke tena bila kugusa chanzo cha tatizo. Badala yake nilinunua brashi ndefu ya kuzibulia mirija, ya kawaida kabisa, isiyo na jina kubwa, nayo ndiyo ninayoitolea maoni hapa.

Mtu anayefikiria kununua kifaa hiki afahamu kwanza kwamba mpira wa dirisha la paa haukuwekwa ili kuzuia kila tone. Kazi yake ni kupunguza maji yanayoingia, na yale yanayopenya hupokelewa na mfereji unaolizunguka dirisha chini ya kioo, kisha hushuka kwa mirija myembamba ambayo kwa kawaida ni minne, mmoja kila pembe. Mirija ya mbele hupita ndani ya nguzo za kioo cha mbele na mara nyingi hutokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya madigadi. Ya nyuma hushuka ndani ya nguzo za nyuma hadi karibu na magurudumu au bampa. Vumbi, majani yaliyooza na chavua vikiziba mrija, mfereji hujaa, maji huvuka ukingo na kutambaa juu ya dari, na yanaweza kuonekana mbali kabisa na pale yalipoanzia. Gari likiegeshwa mahali penye mteremko, hata upande unaovuja unaweza kubadilika, jambo linalowapoteza mafundi wengi.

Kabla ya kuingiza brashi nilifungua dirisha na kumimina maji kidogo kidogo kwenye kila pembe ya mfereji, huku mwenzangu akiangalia chini ya gari. Pembe ya kushoto mbele iliyatoa mara moja karibu na bawaba ya mlango. Ya kulia iliyashikilia: yalisimama pale, vipande vyeusi vya majani vikielea juu yake, kisha yakaanza kupungua polepole bila hata tone kuonekana chini. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na ningemshauri kila mtu alifanye kabla ya kutoa fedha, maana mirija yote ikipitisha maji vizuri, kosa liko kwingine na brashi haitakuwa na kazi.

Brashi yenyewe ni waya wa chuma uliosokotwa na kuvikwa plastiki, wenye nywele za nailoni kwenye ncha. Waya unanyumbulika vya kutosha kufuata kona ya kwanza, pale mrija unapoingia ndani ya nguzo, na hiyo ndiyo sehemu inayozishinda fimbo nyingi za kujitengenezea. Niliusukuma taratibu huku nikiuzungusha, nikiurudisha kila nilipohisi ukinzani, na kila uliporudi nywele zilikuwa zimebeba tope jeusi lililochanganyika na mbegu ndogo na mabawa ya wadudu. Niliendelea hivyo, nikisuuza brashi na kumimina maji, mpaka mrija wa kulia ukatiririsha kama wa kushoto. Kwa mirija ya mbele sina malalamiko.

Ya nyuma ndiyo iliyonionyesha udhaifu wa kifaa. Urefu wake haukutosha kufika mwisho wa mrija katika gari langu, na hata kama ungetosha, ncha ya mrija wa nyuma ina kizibo cha mpira chenye mwanya mdogo unaoruhusu maji kutoka na kuzuia vumbi kuingia. Taka hukusanyika hapo hapo, na kukisukuma kizibo kutoka juu ni kutafuta kukichomoa. Nililazimika kufungua plastiki iliyo ndani ya tao la gurudumu, kukiminya kizibo kwa vidole hadi tope likatoka, na kumwaga maji ya vuguvugu kutoka juu.

Karatasi ya maelekezo inashauri kumalizia kwa upepo wa kompresa, na hapa natofautiana nayo waziwazi. Mrija umechomekwa tu kwenye kidomo cha mfereji, na upepo wenye nguvu unaweza kuufyatua ukatoka. Baada ya hapo maji yatamwagika moja kwa moja juu ya dari bila kuonekana yanakotoka. Maji yanayomiminwa taratibu yanatosha. Grisi ya silikoni iliyokuja pamoja na brashi, kwa upande mwingine, ni nyongeza nzuri: haili mpira wala haiugandishi, tofauti na grisi ya mafuta ya petroli ambayo huweza kuuvimbisha na kuuharibu.

Kuzibua mirija hakukaushi gari. Chini ya zulia kuna sponji nene inayoshikilia maji muda mrefu baada ya juu kukauka, na katika magari mengi nyaya na viunganishi vya umeme hupita papo hapo. Nililazimika kufungua kiti cha abiria, kuinua zulia na kuiacha sponji ipate hewa hadi harufu ya uvundo ikaisha na vioo vikaacha kupata ukungu kila asubuhi.

Kwa gari ambalo mirija yake imeziba tu, ningeinunua brashi hii tena, ila ningetafuta iliyo ndefu zaidi. Kwa gari ambalo mrija umepasuka au umechomoka ndani ya nguzo haifai: dalili yake ni maji kumiminwa juu na kutokea ndani ya gari ilhali brashi inapita bila kizuizi, na hapo dari inabidi ishushwe na fundi anayejua kuirudisha bila kuikunja.